Koti la Ndirangu

Jumatatu asubuhi, kabla mteja yeyote hajapanda ngazi, Okeyo alilitoa koti la studio kwenye msumari na kulikuta lina joto.

Halikuwa joto la jua. Dirisha la studio ile linatazama ukuta, na jua la Eldoret hufika pale kama mkaguzi wa serikali, mara moja kwa mwaka na bila kukaa. Lilikuwa joto la kwapa. Okeyo akatia vidole ndani ya mkono wa koti, vikatoka vimelowa, akavinusa, kosa ambalo wanadamu wote hufanya na wote hujuta. Vilinuka maziwa yaliyokatika. Vilinuka bandeji ya siku ya tatu. Na chini kabisa kulikuwa na kautamu fulani, kama marashi yaliyopulizwa juu ya panya aliyefia ukutani.

Mlango alikuwa ameufunga mwenyewe Jumamosi jioni kwa kufuli mbili, na funguo zote alilala nazo.

Kila studio ya picha za pasipoti mjini ina koti lake. Mtu anakuja na fulana ya mpira, anataka picha ya kuombea kazi. Anavalishwa koti na tai ya lastiki, anakalishwa kwenye stuli mbele ya pazia la bluu, na kwa dakika mbili anakuwa meneja. Koti la Okeyo lilikuwa la kijivu, na lilikuwa limevaliwa na nusu ya mji: walimu, makarani, mabawabu, wakimbiaji wa Kaptagat waliokuwa wakitafuta viza na ambao ndani yake walionekana kama miwa iliyovikwa blanketi. Kola iling'aa kwa mafuta ya shingo za watu mpaka ungeweza kujitazama humo. Okeyo alilifua kila mwisho wa mwezi, na yale maji hakuwahi kumwonyesha mtu.

Kwa ndani lilikuwa na bitana ya satini ya zambarau yenye maua ya manjano makubwa kama sahani. Mteja hakuwa na haja ya kuuliza, na Okeyo hakuwa na haja ya kueleza. Aliyelishona alikuwa fundi aitwaye Ndirangu, na Ndirangu hakuwepo tena.

Akalianika koti dirishani. Akajiambia ni unyevu. Alikuwa ameishi Mwanza, Kampala na Sharjah, kila mahali akirudi na hadithi mpya na kilo tano zaidi, na alijua kwamba mtu aliyetembea hapaswi kuogopa nguo.

Lakini jambo lenyewe lilikuwa limeanza Ijumaa, kwa simu ya dada yake Seline.

"Omera, ndugu yangu, nataka picha yako moja nzuri. Wazazi wa Joyline wanataka kujua binti yao anapelekwa kwa sura gani."

"Waambie ni sura ya kawaida, imewekwa tu juu ya mwili mkubwa."

"Okeyo, sicheki. Uko na miaka arobaini na saba. Pale kanisani wananiuliza mpaka nimeacha kubaki kwa chai."

Seline ndiye aliyemlea. Alikuwa na duka la dawa, nyumba mtaa wa Elgon View, na namna ya kunyamaza kwenye simu inayoweza kumfanya mtu akubali kuoa. Joyline alikuwa mwalimu wa chekechea upande wa Turbo, mtu wa kanisa moja na Seline. Okeyo alikuwa amemwona mara mbili, na mara zote mbili walizungumzia mvua.

Tatizo ni kwamba Okeyo, mpiga picha kwa miaka ishirini, hakuwa na picha yake hata moja. Hakuwa amekaa mbele ya lenzi yake tangu Januari ya 2008, na sasa ulikuwa mwaka wa 2018. Basi Jumamosi akavaa koti, akajinyonga na ile tai, akakaa kwenye stuli, akashika waya mrefu wenye kitufe unaofyatua kamera kwa mbali, akabonyeza.

Kwenye kompyuta, mtu aliyekaa pale alikuwa anatabasamu.

Okeyo hakuwa ametabasamu. Alikumbuka vizuri kwamba alikuwa amekunja uso kama mtu anayengojea sindano ya makalio. Lakini tabasamu lilikuwepo, pana, la heshima, na ndani yake meno madogo madogo, mengi kupita yale tunayogawiwa, yamepangana kama punje za hindi changa. Fleshi, akajiambia. Akamtumia Seline.

Jibu lilikuja kwa dakika moja: "Hii ndiyo sura. Umekuwa ukiificha ya nini?"

Jumatano saa sita mchana Seline akapanda ngazi mwenyewe, akihema, na mfuko mdogo wa nailoni mkononi. Uso wake ulikuwa na furaha ambayo Okeyo hakuwa ameiona tangu mama yao afe.

"Umesahau kitambaa chako jana," akasema, akauweka mfuko kwenye meza. "Jana ulikuwa mtu, omera. Nilimwambia hata shemeji yako: leo Okeyo amekuja mtu."

"Jana wapi?"

"Si kwangu. Ulikula samaki wawili, na mifupa, na vichwa. Ukanywa mpaka maji ya kunawa mikono. Nikasema huyu ni njaa ya mawazo, sasa amepata amani."

Okeyo akamwita kwa lile neno la Kijaluo la dada: "Na nilisema nini, nyamera?"

"Ulisema ndio." Macho ya Seline yakajaa machozi. "Kila kitu nilichouliza, ndio. Utaoa. Jumamosi tunaenda kwa kina Joyline. Utafunga hii studio. Uliniomba hata msamaha kwa ile miaka yote."

"Jana mimi nilikuwa hapa kutwa nzima. Niliwapiga picha watoto wa shule arobaini."

Seline akacheka, kisha akaacha kucheka. Akamshika kidevu, kama alivyokuwa akimshika alipokuwa mtoto mwenye kamasi, akamgeuza upande wa dirisha.

"Mbona leo umefifia hivi? Ni kama mtu amekupangusa."

Alipokwenda, Okeyo akafungua mfuko. Kitambaa kilikuwa kizito kwa ute wa kijivu ulionyumbuka kama uji wa wimbi uliosahauliwa sufuriani, na katikati ya ute kulikuwa na meno matatu madogo. Akatapika kwenye ndoo ya takataka. Akapumzika kidogo, akaona moja la yale meno likigeuka polepole upande wake wa pili, akatapika tena.

Alipopata nguvu akakaa kwenye stuli, akabonyeza kitufe, akaangalia. Pua yake ilikuwa imezama. Macho yalikuwa yamebaki kama alama za vidole kwenye donge la unga. Ulikuwa uso wa sabuni iliyotumiwa na familia kubwa. Akaiweka karibu na ile picha ya Jumamosi, na akaelewa bila kuelezwa: kila alichopungukiwa yeye, yule mwenzake alikuwa amekiongeza. Siku nne zilikuwa zimechukua nusu. Jumamosi, yule mwenye meno angeketi sebuleni kwa wazazi wa Joyline akisema ndio, na kufikia hapo pasingekuwa na Okeyo mwingine wa kupinga, kwa sababu pasingekuwa na uso wa kupinga nao.

Majini ya hadithi za bibi zetu hutoka usiku na hupenda makaburi. Hili lilikuwa na saa za ofisi. Alhamisi saa tisa, mvua ya mchana ilipoanza kupiga mabati na wateja wakakimbilia chini ya varanda, Okeyo alisikia nyuma ya pazia sauti kama ya mtu anayelamba vidole baada ya chakula. Akalisogeza pazia. Koti halikuwa msumarini. Lilikuwa kwenye stuli, limefungwa vifungo vyote, na limejaa.

Shingo iliyotoka kwenye kola ilikuwa nyeupe-nyeupe na laini, kama kidole kilichokaa ndani ya plasta wiki nzima, na juu yake kulikuwa na uso wake mwenyewe, pua yake, mashavu yake aliyoyatengeneza kwa chapati za nchi tatu, vyote vikiwa vimewekwa kwa uangalifu lakini bila kukauka, hivi kwamba shavu la kushoto liliteremka kidogo kidogo na lile jini likawa linalisukuma juu kwa kidole, kwa adabu, kama mwanamke anayerekebisha kilemba kanisani. Ute ulikuwa ukidondoka kutoka mikononi mwa koti. Harufu ilikuwa nzito kiasi kwamba Okeyo aliihisi kwenye ulimi.

"Wewe ni nani?" akanong'ona.

Lile jini likatabasamu. Likafungua mdomo, na kwa sauti ya Okeyo mwenyewe, ile ya simu yenye mtandao mbaya, likasema, "Simjui huyu. Ni mteja tu."

Okeyo akashuka ngazi mbio bila viatu, akasimama kwenye mvua mpaka saa kumi na moja, maana maneno yale alikuwa ameyasema yeye.

Kabla ya uchaguzi ule wa 2007, Ndirangu alikuwa na cherehani chumba cha chini, na mtaani Langas yeye na Okeyo walikuwa wakikaa pamoja. Kwa mwenye nyumba walikuwa ni watu wawili wasiopenda kupika peke yao. Jumapili saa kumi walikuwa wakifunga mlango wa studio. Ndirangu aligeuza koti ndani nje, maua yote ya manjano yakatoka hadharani, akamvalisha Okeyo, akampaka wanja, akasimama pembeni na kusema, "Sasa jipige." Naye Okeyo akajipiga, mguu juu ya mguu, kidevu juu. Alikuwa mrembo. Tuseme ukweli, alikuwa mrembo kama basi jipya. Picha ile moja waliyokaa pamoja, Ndirangu akiwa amemwegemea begani, alitembea nayo kwenye mfuko wa shati.

Alikuwa nayo ile siku ya Januari, vurugu za baada ya uchaguzi zilipowaka. Moshi ulikuwa umefunika mji, na wao walikuwa nyuma ya pikapu pamoja na watu wengine, wakielekea mahali walipoambiwa kuna polisi. Mti ulikuwa umelazwa barabarani. Vijana wenye mapanga walitaka vitambulisho, na jina la Ndirangu, la kabila lililokuwa likiwindwa, pale lilikuwa ni hukumu. Walikuwa wakipekua mifuko pia. Okeyo akatoa ile picha, akaikunja, akaitia mdomoni. Karatasi ya picha haitafuniki kama mkate. Inakwaruza, inarudi, ina ladha ya dawa na chumvi. Alikuwa bado anatafuna walipomuuliza, "Huyu ni wako?"

"Simjui huyu," akasema na mdomo umejaa. "Ni mteja tu."

Akameza. Ndirangu akamtazama, si kwa hasira, bali kama fundi anayetazama mshono uliofumuka. Wakamteremsha. Pikapu ikaendelea. Okeyo alimtafuta baadaye kwenye kambi na kwenye vyumba vya maiti, akafunua shuka nyingi, na hakumpata. Watu walipomuuliza anatafuta nani, alisema ni mteja.

Miezi michache kabla ya haya, mama mmoja wa Chepsaita alikuja kupigwa picha ya kitambulisho, akalikataa koti, akasema afadhali apigwe na blauzi yake iliyoraruka. "Hiyo koti iko na mtu," alisema. Okeyo alikuwa amecheka. Ijumaa asubuhi alifika Chepsaita, akamkuta nyuma ya duka lake la mabeseni, na hakuwa anacheka.

Mama Nasambu alikuwa mfupi, mnene, mwenye ugoro kwenye tundu moja la pua na mwingine mdomoni. Akamtazama Okeyo usoni, au mahali uso ulipokuwa, akavuta stuli.

"Umechelewa, wewe mjaluo. Imebaki masikio."

"Mama, nisaidie."

"Ulimkana nani?"

Okeyo akatazama chini. "Rafiki."

"Toka kwa duka yangu."

"Mpenzi wangu," akasema Okeyo. "Alikuwa mwanaume, Mama. Kama hilo ni tatizo, niambie niende."

Mama Nasambu akatema ugoro kwenye beseni ambalo huenda lilikuwa la kuuza. "Nimeuliza kama ulimkana. Sijauliza kama alivaa suruali. Ukimkana ulikuwa na kitu mdomoni?"

Akamweleza. Mama akawa anatikisa kichwa mpaka mwisho, kama fundi wa magari anayesikiliza mlio anaoujua.

"Kwetu mtu akimkana mtu wake huku anameza, amekula kiapo. Wewe ulikula kiapo kwamba huyo mtu hajawahi kukaa na wewe. Na wewe ulikuwa kwa hiyo picha pia. Ulijimeza. Sasa ile nafasi imebaki wazi miaka kumi, kitu imeingia. Hizi vitu zinapenda nyumba yenye haina mwenyewe."

"Ni yeye? Ni Ndirangu amenirudia?"

"Alikuwa ananuka hivyo?"

"Ndirangu alinuka pasi na sabuni ya mche."

"Basi usimtukane."

Akamnywesha kitu cheusi kutoka kwenye jagi. Okeyo, aliyewahi kula ngamia mchanga na kunywa maji ya bomba mijini kote Afrika Mashariki, hakuwa amewahi kukutana na ladha ile. Kilianza kwenye magoti. Alitapika chai, akatapika ugali wa juzi, akatapika ute wa kijivu ule ule, mrefu, uliokataa kukatika hivi kwamba Mama Nasambu aliushika kwa mkono na kuuvuta kama anayetoa kamba kisimani, akinung'unika kwa Kibukusu, mpaka kikatoka kipande cha karatasi kilichokunjwa, kimezungukwa na nywele nzito zilizoota juu yake zenyewe. Akakisuuza kwenye beseni, akakikunjua.

Ilikuwa ni nusu ya picha. Bega la zambarau lenye ua la manjano, na mkono wa mtu mwingine juu yake. Pale penye uso wa Okeyo palikuwa peupe.

"Imeisha?" Okeyo akauliza, akijipangusa.

"Hapo ni mlango tu nimefungua. Mwenyewe amekaa kwa kiti yako. Ulipokuwa wewe kabisa, ulikuwa unakaaje?"

"Nilikuwa nageuza koti. Nilikuwa najipiga mwenyewe."

"Enda ukae hivyo. Na huyo mtu umtaje, usinung'unike. Mimi siwezi kukutajia."

"Na kama nikifika nikute limekaa?"

"Itakuwa imekaa."

"Sasa nifanyeje?"

"Uikalie."

"Juu yake, Mama?"

"Ama unataka niiombe isonge?"

Jumamosi saa mbili asubuhi Okeyo akapanda ngazi za studio na kijiti cha wanja alichokuwa amenunua sokoni. Alikuwa amepishana na jirani yake wa duka la simu, na jirani hakumsalimu. Alimtazama kama mtu anayetazama ukuta uliopakwa rangi jana. Harufu ilikuwa imeshuka hadi ngazi ya tatu.

Jini lilikuwa limeshajiandaa. Limechana nywele, limefunga tai, limepakata zawadi za wazazi wa Joyline zilizofungwa kwa karatasi, na karatasi zilikuwa zimelowa. Uso ulikuwa umekauka vizuri sasa. Ulikuwa wa kupendeza. Kama angekuwa mteja, Okeyo angemwambia asitikisike.

"Ndio," likasema kwa upole.

Okeyo akalisogelea. Akaanza kufungua vifungo vya koti, kimoja kimoja, na kila kilipofunguka kitu cha uvuguvugu kilimwagika kwenye viatu vyake. Akalivua koti kutoka kwenye yale mabega kama unavyovua ngozi ya maziwa yaliyochemka. Jini halikupinga, lilikuwa limezoea kusema ndio. Akaligeuza ndani nje, na bitana ya Ndirangu ikatoka, ile satini, zambarau bado, maua bado, lakini kila ua limelowa jasho la miaka kumi na mbili ya watu wasiomjua, makwapa ya mji mzima, chumvi yake imeganda kwa mistari. Akalivaa. Lilimganda mgongoni kama ulimi. Akajipaka wanja mahali alipokisia kuwa macho yake yako.

Kisha akageuka, akashika waya, akakaa.

Alizama. Hakuna namna nyingine ya kulisema, alizama ndani yake kama mtu anayekaa kwenye beseni la uji wa jana, ukamfika kiunoni, ukampanda tumboni, ukaingia kwenye mikono ya koti na kutafuta vidole vyake, na kitu kama mashavu mawili yaliyolowa kikaja kukaa pande zote mbili za kichwa chake, kikajaribu kumvaa, na meno yale madogo yakaanza kumtembea shingoni bila kuuma, yakihesabu tu, na sikioni ile sauti yake mwenyewe ikawa inasema simjui, simjui huyu, ni mteja, sema ndio, Seline analia, sema ndio, utakuwa mtu, watu wanakupenda ukiwa hivi, na jambo la kuchukiza kuliko uvundo wote ni kwamba palikuwa na raha ndani yake, raha ya kitanda chenye mkojo wa moto dakika ile ya kwanza kabla haujapoa, na Okeyo akajua kwamba hapo ndipo alipokuwa amelala kwa miaka kumi, na kwamba hakuna aliyemlaza.

"Namjua," akasema.

Matapishi yakamfika mdomoni. Akayatema juu ya maua.

"Namjua. Anaitwa Ndirangu. Alikuwa wangu, na mimi nilikuwa wake, na huyu hapa ni mimi."

Akainua kidevu. Akaweka mguu juu ya mguu, jambo ambalo ndani ya uji ule lilihitaji nguvu za ng'ombe wawili. Akabonyeza.

Fleshi ikawaka. Chini yake kitu kilipasuka kama jipu lililoiva, kikamwagika kutoka kwenye stuli hadi sakafuni, kikapita chini ya mlango, kikashuka ngazi moja moja na meno yake yakigonga saruji, mpaka kwenye mtaro wa barabarani, na jirani wa duka la simu akasikika akiuliza nani amemwaga supu.

Okeyo alipofungua kompyuta alikuta mtu mnene, mzee kuliko alivyokumbuka, wanja umechuruzika hadi mdomoni, matapishi kifuani, na koti lililotota. Pua ilikuwa yake. Macho yalikuwa yake na yalikuwa yakiitazama kamera. Akaichapisha ukubwa wa ukutani. Akaitundika chini kwenye kioo cha sampuli, katikati ya bibi harusi na mhitimu wa chuo, kwa sababu kuificha kungekuwa ni kuimeza tena.

Seline alifika saa nne kumchukua. Alisimama mbele ya kile kioo muda mrefu kabla ya kupanda, na alipoingia hakukaa.

"Yuko wapi yule?" akauliza kwa sauti ya chini.

"Ameondoka."

"Mwambie arudi."

"Nyamera, yule alikunywa maji ya kunawa."

"Alikuwa mpole," akasema Seline. "Aliniita dada yangu mpenzi. Wewe umewahi kuniita hivyo?"

"Sikuwahi. Nakuita nyamera, na nimekuita hivyo tangu nijue kusema."

Seline akaitazama ile sakafu iliyokuwa bado inanata, akaitazama sura ya ndugu yake yenye wanja, na Okeyo akaona mdomo wake ukikunjwa kwa kinyaa. Harufu Seline hakuwa ameisikia hata siku moja; aliyemtia kinyaa alikuwa Okeyo mwenyewe. Akashuka. Gari lake lilichukua muda kuwaka.

Okeyo akapiga deki mara nne. Saa nane hivi, mvua ikiwa bado haijaanza, Joyline akabisha mlango uliokuwa wazi. Alikuwa amevaa nguo ya wageni.

"Ni wewe mwenyewe?" akauliza, akabaki mlangoni. Alivuta pumzi puani, mara mbili. "Ni wewe. Hunuki."

"Wewe ulisikia harufu?"

"Jumatano asubuhi alikuja shuleni na biskuti za watoto. Mama yangu alikuwepo, akampenda sana. Mama yangu anapenda kila kitu kinachosema ndio." Akaingia, akafunga mlango polepole. "Harufu niliijua, Okeyo. Naishi nayo nyumbani miaka sita. Nilidhani ni mimi naoza."

Okeyo akaisogeza ndoo ya deki pembeni.

"Wangu hajaanza kutoka nje," Joyline akaendelea, karibu kwa kunong'ona. "Lakini juzi mama alinishukuru kwa maneno ambayo sikuyasema. Ile picha iko chini kwa kioo, ulijipiga mwenyewe?"

"Mwenyewe."

"Nionyeshe."

Akamwonyesha kitufe, akamwonyesha mahali pa kutazama, akamwambia amtaje kwa jina mtu aliyemkana. Alipogeuka kutafuta nguo ya kumpa, Joyline alisema hataki koti la mtu, atakaa alivyo. Akavua kitambaa cha kichwa. Akaketi kwenye stuli, na stuli ikalia, kilio kirefu cha kubeba uzito wa wawili.

"Anaitwa Nelima. Ni mwanamke niliyempenda," akasema Joyline.

Na kutoka chini yake, kwa sauti yake mwenyewe, nyororo, ya mwalimu wa chekechea, kitu kikasema, "Simjui."

"Usikijibu," akasema Okeyo. "Bonyeza."